Ile Radi ya Njano Pembeni ya Skrini

Kama umewahi kupita jioni kwenye kituo cha vijana cha mtaa wetu hapa Kakuma, umeiona ile televisheni ya zamani ukutani, na watoto wamebanana kwenye benchi wakingoja zamu. Chini ya televisheni kuna kiboksi kidogo, kinaenea kiganjani. Hiyo ni kompyuta nzima. Inaitwa Raspberry Pi, toleo la 3, tuliletewa kama msaada. Asubuhi tunajifunzia kuandika, na kurasa kadhaa za jarida hili zilichapwa hapo. Jioni inageuka mashine ya gemu za zamani, zile za Nintendo, Sega na PlayStation ya kwanza.

Insha hii ni historia ya kiboksi hicho. Lakini sitaficha: naiandika pia kwa sababu nina deni. Mwaka jana nilimfukuza kituoni kijana wa miaka 14 kwa kosa ambalo hakulifanya.

Mambo yalikwenda hivi. Kila jioni, gemu ikishika kasi, pembeni ya skrini juu kulia ilitokea alama ndogo ya radi, ya njano. Sauti ilianza kukwaruza, mchezo ukaenda polepole kama mtu anayetembea kwenye matope, halafu mashine inajizima na kujiwasha. Tulizoea. Jioni moja ilijizima na haikuwaka tena. Memori kadi ilikuwa imekufa. Ndani yake mlikuwa na sauti za wazee 11 tuliowarekodi wakisimulia jinsi walivyotoka Kivu katika vita vya 1996. Nakala nyingine hatukuwa nayo.

Aliyekuwa ameshika joystick ni yule kijana. "Mwalimu, haiko miye," aliniambia kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. Sikumsikiliza. Nilimwambia gemu zake zimeua mashine na sauti za wazee. Kamati ikapiga marufuku gemu, na yeye akaambiwa asionekane pale. Mbele ya watu wote.

Kumbe mwuaji alikuwa waya ya chaja. Ili uelewe ni kwa nini, twende kwanza mbali kidogo.

Mashine iliyozaliwa na gemu

Mwaka 1981, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilitaka kuwafundisha wananchi kompyuta kupitia televisheni. Kampuni ndogo ya mji wa Cambridge, Acorn, ilipewa kazi ya kutengeneza mashine, nayo ikaitwa BBC Micro. Shule nyingi za Uingereza zilinunua. Na ujue kwamba hata babu huyo alisumbuliwa na umeme: baadhi ya zile za kwanza kabisa zilikuwa na sehemu ya kugawia umeme iliyopata joto kupita kiasi, ikabidi ibadilishwe kwa aina nyingine.

Mashine ile ililetwa kwa ajili ya elimu, lakini vijana waliitumia watakavyo. Mwaka 1984 wanafunzi wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa gemu iitwayo Elite, ambayo mchezaji anasafiri angani akifanya biashara kati ya nyota. Waliiandika kwa kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Leo picha moja ya simu yako ni kubwa mara nyingi kuliko hiyo.

Pale pale Acorn, Sophie Wilson na Steve Furber walikuwa wanabuni chipu mpya, ambayo ukoo wake uliitwa ARM. Chipu ya kwanza ilifika kutoka kiwandani tarehe 26 Aprili 1985, na ikafanya kazi siku hiyo hiyo. Furber akataka kupima inakula umeme kiasi gani. Mita ikasoma sifuri. Walichunguza, wakakuta bodi ya majaribio ilikuwa na kasoro: njia ya umeme ya chipu haikuwa imeunganishwa kabisa! Chipu ilikuwa inaendeshwa na umeme kidogo uliokuwa unavuja kupitia nyaya za mawasiliano. Yaani ilikuwa inaishi kwa makombo ya jirani.

Ndiyo maana leo karibu kila simu kambini ina chipu ya ukoo wa ARM. Ni ukoo unaokula kidogo. Na kiboksi chetu ni mjukuu wa ukoo huo.

Miaka ikapita. Mwalimu mmoja wa Cambridge, Eben Upton, na wenzake waliona vijana wanaoomba kusoma sayansi ya kompyuta wanapungua, na wanaokuja hawajawahi kuichokonoa mashine kama kizazi cha BBC Micro. Wakaanzisha taasisi ya kutengeneza kompyuta ya bei ya chini ambayo mtoto anaweza kuiharibu bila nyumba nzima kulia. Mmoja wa waanzilishi alikuwa David Braben, yule yule wa Elite. Raspberry Pi ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, na tovuti za wauzaji zikazidiwa na wateja. Matoleo yaliitwa A na B, kwa kukumbuka BBC Micro. B ilikuwa dola 35.

Kwa hiyo mtu akikuambia gemu zimeingia kwa dirisha kwenye mashine ya elimu, mwambie historia inasema vingine. Gemu na mashine hii ni watoto wa nyumba moja. Mimi nilikuwa sijui hayo siku nilipomfokea yule kijana.

Bei ya bodi na bei ya njia

Dola 35 iliwezekanaje? Jibu moja ni kwamba uliuziwa bodi peke yake. Hakuna kibodi, hakuna memori kadi, hakuna chaja, hakuna waya. Kwenye bodi kuna mdomo wa USB ndogo, ule ule wa simu za wakati huo.

Uchaguzi huo ulikuwa na maana yake. USB ilitoka mwaka 1996, kazi yake ya kwanza ikiwa kuunganisha kibodi, mausi na vitu vidogo kama hivyo. Volti 5, na kifaa kiliruhusiwa kuchukua hadi miliampea 500, basi. Baadaye watu wakagundua inafaa kuchaji simu. Mwaka 2009 watengenezaji wakubwa wa simu walikubaliana huko Ulaya kutumia mdomo mmoja, USB ndogo. Kwa hiyo mwaka 2012 nyumba ya Cambridge ilikuwa na chaja kadhaa kwenye droo. Kwa nini umuuzie mtu nyingine?

Bodi ya kwanza ilihitaji miliampea 700. Chaja ya simu iliweza, kwa shida kidogo. Lakini kila toleo lilikuja na nguvu zaidi, na njaa zaidi. Toleo la 3, la mwaka 2016, lilipendekezewa chaja ya ampea 2.5. Toleo la 4, la mwaka 2019, ampea 3, kwa mdomo mpya wa USB-C. Tena mdomo huo ulitoka na kosa la usanifu: chaja zilizounganishwa kwa waya za bei ghali, zenye chipu ndani, ziliidhania bodi kuwa kifaa cha sauti na kukataa kuipa umeme, huku waya za kawaida zikifanya kazi. Kosa lilirekebishwa katika bodi za baadaye. Toleo la 5, la 2023, lilipendekezewa chaja ya ampea 5.

Watengenezaji nao waliona malalamiko yanarudi yale yale. Kuanzia toleo la B+ la mwaka 2014, waliweka kwenye bodi kilinzi cha volti. Umeme ukishuka chini ya kama volti 4.63, taa nyekundu inazimika. Baadaye ikaongezwa ile radi ya njano kwenye skrini. Chaja yao rasmi nayo inatoa volti 5.1 badala ya 5 kamili. Hiyo 0.1 ni ya kufidia kinachopotea njiani. Wenyewe walijua njia inakula.

Mwalimu wa shule na waya yetu

Njia inakulaje? Hapa tumrudie Georg Ohm, Mjerumani, mwalimu wa shule. Mwaka 1827 alichapisha Berlin kitabu kilichoeleza uhusiano wa volti, mkondo wa umeme na ukinzani wa waya. Kwao hakikupokelewa vizuri. Heshima ilimfikia kutoka nje, mwaka 1841, Royal Society ya London ilipompa nishani ya Copley.

Kanuni yake tunaijua bila kujua tunaijua, kwa sababu tunapanga foleni ya maji. Volti ni presha ya bomba. Ampea ni wingi wa maji yanayopita. Ukinzani ni wembamba na urefu wa mpira. Ukifunga mpira mwembamba na mrefu kwenye bomba, ukafungua kidogo, maji yanatoka sawa tu. Ukitaka ndoo ijae haraka, presha mwishoni inakufa, hata kama bombani presha ni nzuri.

Sasa hesabu ya waya yetu. Ukinzani unapimwa kwa omu. Waya nyingi za rahisi zina uzi wa shaba wa kipimo 28, ambao kila mita ina takriban omu 0.21. Waya yetu ilikuwa mita 2. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 4 za shaba, karibu omu 0.85. Bodi ikiwa kwenye kazi ya kuandika tu, tuseme inachukua ampea 0.3. Zidisha: volti 0.26 zinapotea njiani. Zinafika 4.74. Hakuna radi, kila mtu anafurahi. Jioni gemu ikianza na joystick mbili zimechomekwa, tuseme ni ampea 0.6. Zinapotea 0.51. Zinafika 4.49. Radi hiyo!

Umeona? Asubuhi mashine nzima, jioni mashine mgonjwa. Mtu yeyote angesema gemu ndiyo inaharibu. Nami nilisema hivyo. Kumbe gemu ilikuwa inatoboa siri ya waya.

Kwa nini gemu ya zamani inakula umeme wa sasa

Swali hilo nimeulizwa sana: gemu ya miaka ya 1980 inawezaje kuichosha kompyuta ya 2016?

Mashine za zamani zilijua kubana. Game Boy ya Nintendo ilitoka 1989 na skrini isiyo na rangi wala taa, ikatumia betri nne ndogo na kudumu saa nyingi. Mshindani wake, Game Gear ya Sega ya mwaka 1990, alikuwa na rangi na taa, akala betri sita kwa saa chache tu. Game Boy ndiyo iliyouza zaidi. Betri ilikuwa sehemu ya ushindi.

Lakini kiboksi chetu si Game Boy. Kinaiga. Programu kama RetroPie, ambayo imekuwepo tangu 2012, inakusanya programu nyingine zinazojifanya kuwa mashine za zamani. Kwa kila hatua moja ya chipu ya zamani, chipu mpya inapiga hatua nyingi: isome amri, iitafsiri, ihesabu muda, itengeneze picha na sauti, yote kwa wakati ule ule. Nintendo ya kwanza ni mzigo mwepesi. PlayStation, yenye chipu ya karibu megahezi 34 na picha za pande tatu, ni mzigo mzito. Mzigo unapanda na kushuka ghafla, na kila ukipanda bodi inavuta umeme zaidi.

Na kwa nini simu inachaji vizuri kwa waya hiyo hiyo? Simu ina betri ndani. Ikipewa kidogo inapokea kidogo, inachukua muda mrefu zaidi, hakuna anayejua. Raspberry Pi haina akiba. Ikikosa sasa, imekosa. Kwanza inapunguza mwendo ili isianguke, ndiyo maana gemu inaenda kwenye matope. Ikizidiwa, inajizima. Ikijizima wakati inaandika kwenye memori kadi, kilichomo kinaweza kuharibika. Hivyo ndivyo nadhani tulivyowapoteza wazee wetu 11.

Tulivyoigundua

Kambi hii ilifunguliwa 1992, na kwa miaka mingi stima ya watu wengi hapa imekuwa ya jenereta za wafanyabiashara na ya sola. Kituo chetu kina paneli moja, betri ya volti 12, na kifaa kidogo kinachogeuza 12 kuwa 5 za USB. Betri iko dirishani. Televisheni iko ukuta wa pili. Ndiyo sababu tulinunua waya ndefu.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja fundi, aliyekuwa anatengeneza redio Uvira. Alikuja na mita yake. Akapima kwenye kifaa cha USB: volti 5.0. Halafu, gemu ikiwa inacheza, akapima kwenye pini za bodi, ya 4 na ya 6, kwa uangalifu ncha za mita zisigusane. Ikasoma 4.5. Akacheka. "Moto iko mingi hapa," alisema akionyesha dirishani, "kule haifike."

Tukaandika kwenye kompyuta amri vcgencmd get_throttled. Ikajibu 0x50005. Hizo 5 mbili zina maana: ya mwisho inasema umeme haujatosha sasa hivi na mwendo umepunguzwa, ya mbele inasema jambo hilo limetokea tangu mashine iwashwe. Ukifunga gemu inabaki 0x50000, yaani sasa niko salama, lakini niliumia. Mashine ilikuwa na ushahidi muda wote. Hakuna aliyeiuliza. Na mtoto alikuwa na ushahidi wake, naye hatukumsikiliza.

Tiba ilikuwa rahisi. Tulivuta waya nene ya volti 12 kutoka kwenye betri hadi ukuta wa televisheni, tukahamishia kile kifaa cha USB pale pale, na kutoka hapo tukatumia waya fupi ya sentimita 20. Kwa volti 12 nguvu ile ile inasafiri kwa ampea chache zaidi, kwa hiyo hasara ya njiani ni ndogo. Ndiyo sababu hata nguzo kubwa za stima za kitaifa zinabeba volti nyingi mno. Tuliwasha upya, tukacheza PlayStation saa nzima, tukauliza tena. Jibu: 0x0.

Kama una mashine ya aina hii na radi inatokea, fuata mpangilio huu kabla hujamlaumu mtu. Kwanza badilisha waya. Soma maandishi kwenye ngozi yake, ukiona 24AWG au namba ndogo zaidi ni uzi mnene, 28AWG ni mwembamba. Pili, tumia waya fupi uwezavyo. Tatu, chomoa feni, diski na joystick, uone kama radi inaondoka. Ikiondoka, vifaa hivyo vipewe umeme wao. Nne, pima volti kwenye bodi, si kwenye chaja, tena wakati gemu inacheza. Tano, weka nakala ya kila kitu mahali pengine. Hii ya tano nimeilipia.

Maneno kwa wageni wetu wa mashirika

Kiboksi hiki kilibuniwa kwa nyumba yenye soketi ukutani na chaja kwenye droo. Bei yake ni ya chini kwa sababu gharama ya umeme imeachiwa mnunuzi. Huko kwao mnunuzi hata haoni gharama hiyo. Kwetu, gharama hiyo ndiyo mradi wenyewe. Mnapotuletea mashine, tunashukuru kwa moyo. Leteni na njia yake ya umeme: chaja sahihi, waya fupi nene, na mita moja ya kupimia. Na kwenye ripoti, kabla ya kuandika kwamba vijana wameharibu kifaa, ulizeni kama umeme ulipimwa.

Nilimwendea yule kijana nyumbani kwao, mbele ya mama yake, nikamwomba radhi. Halafu nikaiomba tena kituoni, mbele ya wale wale waliomwona akifukuzwa. Hakusema mengi. Kesho yake alikuja. Siku hizi yeye ndiye mwenye mita, na hakuna mashine inayowashwa kabla hajapima.

Wazee 8 tumewarekodi upya. Mmoja amehamia Kanada, tunangoja atutumie sauti yake kwa simu. Wawili walikuwa wameshafariki. Simulizi zao zilikuwa kwenye ile kadi tu.